Sugu na Magaga: Utunzaji wa Ngozi na Uchaguzi wa Bidhaa

Ngozi hujihami. Mahali inaposuguliwa au kugandamizwa mara kwa mara, kama vile kiganja cha mshika jembe au kisigino cha mvaa kandambili, tabaka lake la juu huongeza keratini, protini iliyomo pia katika kucha, likawa nene na gumu. Hiyo ndiyo sugu. Ngozi ngumu ya kisigino ikikauka na kupasuka, huitwa magaga. Kwa hiyo, anayenunua krimu huku akiendelea kuvaa kiatu kinachombana hupoteza fedha zake.

Tunamshauri mtumiaji aanze na njia nyepesi. Loweka miguu katika maji ya vuguvugu kwa dakika 10, sugua taratibu kwa jiwe la miguu, kausha vizuri, hasa katikati ya vidole, kisha paka mafuta ya mgando kwenye visigino na nyayo.

Mafuta yasipotosha, tafuta krimu yenye yurea, na usome kiwango chake. Asilimia 10 hulainisha. Asilimia 40 huyeyusha ngozi ngumu. Krimu mbili zenye picha ileile ya kisigino zaweza, basi, kutofautiana nguvu mara nne. Asidi ya salisiliki nayo humenya ngozi, lakini haibagui sugu na ngozi nzima. Ipakwe penye sugu tu. Usinunue dawa inayopimwa kutoka kopo lisilo na lebo inayoonyesha viambato, mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Tahadhari kwa mwenye kisukari: usikate sugu kwa wembe, wala usitumie asidi bila ushauri wa mtaalamu wa afya. Mguu uliopoteza hisia hausikii jeraha, na kidonda kidogo kisichotibiwa chaweza kuishia kwa kukatwa mguu. Kagua nyayo zako kila siku.

Nenda kituo cha afya iwapo pana usaha, damu au uvimbe, au iwapo ngozi imekuwa nene bila msuguano wowote. Huenda ni fangasi au ugonjwa mwingine, ambao krimu ya kulainisha haiuponyi.

Hifadhi kasha na risiti. Bidhaa ikikudhuru, acha kuitumia na utoe taarifa. Kwa namba ya toleo iliyo kwenye kasha, tunaweza kuifuatilia bidhaa hiyo kabla haijamdhuru mwingine.