Somo: Kuitayarisha Kompyuta Kabla ya Kunasa Nyimbo



Zamani tulipotaka kunasa sauti za kwaya, tulitia kanda ndani ya redio kaseti, tukabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kazi ikaanza. Siku hizi wengi hutumia kompyuta ya mezani na programu ya kurekodi. Chombo hiki kina uwezo kuliko kaseti, lakini hufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, na asiyekitayarisha hupata hasara.

Hasara hiyo naijua. Tulimwita mzee mmoja, mwalimu wa kwaya wa zamani, atuimbie sauti ya tatu ya nyimbo ambazo hazikuandikwa popote. Aliimba saa nzima bila kuchoka. Jioni tuliposikiliza, sauti yake ilikuwa ikikatikakatika na kuchachatika kama mafuta ya moto yaliyoingia maji. Tukapatana kwamba atarudia baada ya mavuno. Mavuno hakuyafikia. Kosa halikuwa la kompyuta; lilikuwa langu mimi niliyeketi mbele yake. Ndiyo sababu ya somo hili.

1. Kwa nini sauti hukatika?

Kompyuta huipima sauti kwa vipande vidogo sana viitwavyo sampuli. Kwa kipimo kimoja cha kawaida, sampuli 48,000 kwa kila sekunde. Kisha huzikusanya katika mafungu, na kuyapeleka fungu baada ya fungu. Nafasi ya kuwekea fungu hilo huitwa bafa.

Mfikirini mtoto anayekinga maji ya chemchemi isiyosimama, na kuyapeleka nyumbani. Akipewa kopo, hujaa upesi, naye hana budi kukimbia. Akisimamishwa njiani hata kidogo, kopo aliloliacha likikinga hufurika, na maji hupotea. Kupotea huko ndiko kuchachatika tunakokusikia. Akipewa ndoo hana haraka, ila walio nyumbani watangoja zaidi.

2. Kuchagua ukubwa wa bafa

Fungueni mipangilio ya sauti ndani ya programu ya kurekodi. Kwa kipimo cha sampuli 48,000, fungu moja huchukua muda huu:

Bafa ya 128: milisekunde 2.7
Bafa ya 256: milisekunde 5.3
Bafa ya 1024: milisekunde 21.3

Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa kuwa sauti huingia na kutoka, kuchelewa kwenyewe huzidi hapo. Mwimbaji aliyevaa hedifoni na kujisikiliza kupitia kompyuta atapotezwa na sauti inayochelewa. Huyo awekewe 128 au 256. Lakini kwaya inayoimba pamoja chumbani, bila hedifoni, haidhuriwi na kuchelewa huko. Iwekeeni 1024. Hapa ndipo nilipokosea: niliambiwa namba ndogo ni bora, nikaweka 64, ilhali mzee hakuvaa chochote masikioni.

3. Kuwaondoa wanaomsimamisha mtoto njiani

(a) Fungeni programu nyingine zote. Zimeni waifai, na hakikisheni ukaguzi wa virusi au usasishaji hauanzi katikati ya wimbo. Kazi ikiisha, rudisheni kila kitu kama kilivyokuwa.

(b) Kompyuta nyingi zimepangwa kubana matumizi ya umeme, yaani mtoto husinzia kati ya safari na safari. Katika mipangilio ya umeme, chagueni nguvu kamili. Zuieni kompyuta isilale, wala isikate umeme wa tundu za USB.

(c) Zimeni milio ya taarifa, isije ikalia katikati ya ubeti.

(d) Tumieni draiva ya waliotengeneza kifaa chenu cha sauti. Kwa Windows, tafuteni ya aina ya ASIO, iliyobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997 ili kupunguza kuchelewa.

(e) Kipimo cha sampuli katika programu kilingane na cha kifaa.

(f) Naseni kwenye diski ya ndani, si kwenye flashi. Kwa sampuli 48,000 na biti 24, maikrofoni moja hujaza megabaiti 8.64 kwa dakika. Maikrofoni mbili kwa saa moja zitahitaji kama gigabaiti 1.

4. Jaribio

Msianze na mwimbaji. Mwekeni mtu yeyote asome au aimbe dakika 10, kisha sikilizeni yote kwa hedifoni. Sauti kubwa kabisa iishie karibu na desibeli 10 chini ya sifuri. Ikigonga sifuri huharibika, na haitengenezeki vizuri tena. Mkisikia kuchachatika, ongezeni bafa, mjaribu upya. Kumbukeni pia kwamba kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika, huzimika hapo hapo. Hifadhini kazi kila wimbo unapokwisha, na siku hiyo hiyo toeni nakala mbili, kila moja ikae mahali pake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini bafa ndogo huleta kuchachatika?
2. Ni mwimbaji gani anayehitaji bafa ndogo, na ni yupi asiyeihitaji?
3. Maikrofoni nne zitajaza megabaiti ngapi kwa dakika 30, kwa vipimo vya hapo juu?

Jibu la swali la tatu ni 1,036.8. Mawili ya kwanza yajadilini kwenye mazoezi.

Wazee wenye nyimbo vichwani mwao bado wako kati yetu. Kompyuta ijaribuni Ijumaa. Mzee mwiteni Jumamosi.

Mwalimu mstaafu