Ukunga na Namba Tatu: Mafunzo Niliyopata Mkotokuyana

Zamani hapa kwetu Mkotokuyana, wilayani Nachingwea, mtu akipatwa na jambo usiku alipiga ukunga. Sauti ilitoka ua mmoja, ikadakwa na ua wa pili, na kabla hujaipata ndara yako ya pili watu walishafika na mapanga, ndoo na maneno. Siku hizi tuna simu. Mimi nina Noah kuukuu ya kubebea abiria na magunia ya korosho, na kwa miaka michache sasa ni mmoja wa madereva wanaoamshwa usiku kuwabeba wajawazito. Mengi niliyojifunza nimejifunza kwa kukosea.

1. Namba ni tatu, na kila moja ina mlango wake

Usiku wa kwanza jirani alinigongea dirisha. Mkewe alikuwa na uchungu tangu alasiri, na bibi aliyekuwa akimsaidia alikuwa ameanza kunyamaza. Bibi yule haishiwi maneno. Akinyamaza, ujue mambo yameharibika. Wakati huo sikuwa dereva wa mpango wowote, nilikuwa jirani mwenye gari lisilo na mafuta. Nikapiga 112 kwa sababu ndiyo niliyoikumbuka. Askari aliyepokea akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mzee wangu, hii ni polisi. Piga 115."

Basi nikazishika: 112 polisi, 114 zimamoto, 115 wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Hata vocha ikiwa imekwisha unapiga. Na usiteleze ukapiga 113 nyumba ikiungua, maana hiyo ni ya TAKUKURU, watakuuliza nani kala rushwa.

2. "Mko wapi?" ndilo swali gumu kuliko yote

Sisi tunaelekezana kwa miti na kwa marehemu. "Pita kwa fundi baiskeli, ukifika kwenye mkorosho ulioungua kata kushoto, nyumba ya marehemu fulani." Kila mtu anafika. Mwambie hivyo mpokea simu aliyeko Lindi mjini na vifaa vyake masikioni, uone atakavyonyamaza. Anataka wilaya, kata, kijiji, kitongoji, halafu kitu ambacho dereva mgeni anaweza kukiona usiku: shule, msikiti, mnara wa simu, mashine ya kukoboa.

Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, kulikuwa na operesheni ya anwani za makazi nchi nzima, nyumba zikapewa namba. Jambo zuri kabisa. Kibao kimoja nilikikuta mwaka uliofuata kwa bibi mmoja, kimeziba tundu la banda la kuku. Alisema nyumba yake anaijua, kicheche ndiye asiyejua mipaka. Sikuwa na la kumjibu.

Dawa yangu ni hii: ukishapiga simu, mtume kijana mwenye tochi asimame barabarani. Asikae. Nimeshampita kijana aliyekaa akisinzia chini ya mwembe, nikaenda kugeuzia kijiji cha pili.

3. Maswali ndiyo huduma yenyewe

Watu hukasirika sana hapa. "Mtu anakufa, wewe unaniuliza mimba ya ngapi!" Nami nilikasirika usiku ule. Sikujua kwamba anayeuliza anafuata mwongozo, na kila jibu linambadilishia safari. Anatoka damu? Ana degedege? Kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu? Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama aishie zahanati, aende kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji, au apelekwe moja kwa moja hospitali. Ukimkimbiza mama mwenye kuhitaji kisu kwenda mahali pasipo na kisu, umefanya haraka ya kumchelewesha.

Mpango wenyewe unaitwa m-mama. Ulianzia Kanda ya Ziwa, na Aprili 2022 Rais Samia akauzindua Dodoma ili usambae nchi nzima. Gari la wagonjwa likiwa karibu linatumwa hilo. Likiwa mbali au limeshatoka, wanapigiwa madereva wa uraiani kama mimi, tulioandikishwa. Mama akishapokelewa na kuthibitishwa, malipo yanaingia kwenye simu. Familia haidaiwi nauli. Hapo ndipo ninapoupenda mpango huu: zamani nusu ya usiku iliishia kwenye kuchanga mafuta na kumtafuta mjomba mwenye mbuzi wa kuuza.

Kitu kingine nilikiona kwa macho yangu. Usiku ule wa kwanza, nilipoingia getini na mke wa jirani, muuguzi alikuwa amesimama nje, glovu mikononi, kitanda cha magurudumu pembeni. Hakuuliza "mna nini?" Alilitaja jina la mama. Simu ilikuwa imetutangulia.

4. Mwambie zimamoto kinachoungua, siyo kwamba panaungua

Julai na Agosti mikorosho inatoa maua, na kila nyumba ina mifuko ya salfa ya kupulizia ubwiri unga. Tunaiweka wapi? Ndani, tunakolala. Mwaka mmoja kibatari kilianguka kwenye stoo ya mzee wa jirani. Tulipofika hatukuona moto wa kawaida. Ulikuwa mwali wa samawati, mfupi, ukitambaa chini kama maji yaliyomwagika, na harufu ya kiberiti mara elfu. Kijana mmoja akaingia na ndoo. Alitoka bila ndoo, machozi na kikohozi, akakaa chini.

Nikapiga 114. Swali la kwanza: kuna mtu ndani? La pili: kinaungua nini? Niliposema salfa, sauti ikabadilika. Tusirushe maji kwa nguvu, vumbi litaruka na kushika moto, tutumie mchanga, wote tuhamie upande unakotoka upepo, nyumba za upande wa pili watu watolewe. Gari la zimamoto liko mbali nasi, na nyumba ya nyasi haimngojei mtu. Lakini maneno yale ya dakika mbili yalifanya kazi ya gari. Tulimwaga mchanga kwa mabeseni, magunia na sufuria ya pilau ya msikiti. Stoo ilikwenda. Nyumba ikabaki.

Zamani magari ya zimamoto yalikuwa mali ya halmashauri. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyounda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Mambo ya Ndani. Neno hilo "Uokoaji" wengi wanalisahau. Mtu akitumbukia kisimani au kufukiwa shimoni, namba ni hiyohiyo 114, wala usimteremshe mwanakijiji wa pili kwa kamba ya mbuzi. Hewa ya chini ya kisima imeshaua waokoaji.

5. Kwa polisi, anayepiga simu siye mshtakiwa

Hili limeua watu kimyakimya. Bodaboda imemgonga mtu, watu ishirini wamezunguka, hakuna anayepiga 112. "Nikipiga watanifanya shahidi." Shahidi ni kazi ya siku mbili tatu, kaburi ni la kudumu.

Halafu kuna PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Nilishawahi kumfikisha kijana, mguu umegeuka, kwenye kituo kimoja cha tiba ambacho sitakitaja, nikaambiwa nikalete fomu kwanza. Nilibishana huku damu ikiingia kwenye zulia la Noah. Utaratibu ni kwamba ambaye maisha yake yako hatarini ahudumiwe kwanza, fomu ifuate. Siku hizi sibishani. Nikiwa njiani abiria mmoja anapiga simu polisi, mwingine anashuka kituoni kuandikisha, mimi naendelea na mgonjwa.

Na mwizi akishikwa, pigeni simu kabla ya fimbo ya kwanza. Baada ya fimbo ya kwanza hakuna anayekumbuka namba.

6. Masika hayapokei simu

Waingereza walijenga reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga zao. Karanga zikakataa, reli ikafungwa mwaka 1962. Sisi tumebaki na udongo. Kuanzia Januari kuna siku Noah haiendi, na hata gari la wagonjwa lenye matairi makubwa linasimama upande wa pili wa korongo, taa zikizunguka, tunatazamana.

Hapo ndipo ule ukunga wa zamani unaporudi kazini. Tunambeba mama kwa machela ya miti miwili na blanketi, wanaume wanne wakipokezana, hadi kwenye gari. Anayepiga 115 siku hizo aseme mapema: "Korongo limejaa, tutamvusha kwa miguu." Usimwache dereva alikute mwenyewe saa nane usiku.

7. Tembo hana namba fupi

Mwaka jana niliandika zile namba tatu kwa mkaa kwenye mlango wa duka, tarakimu kubwa. Bibi mwenye banda la kuku alikuja, akazitazama sana, akauliza, "Na ya tembo, mjukuu wangu?" Usiku uliopita walikuwa wamepita kwenye mihogo yake.

Nikamwambia hiyo ni ndefu, ni ya afisa wanyamapori wa wilaya, namba kumi. Akachukua mkaa akanipa. Nikaiandika chini ya 115, naye akaniambia niikoze zaidi, kwa sababu tembo huja gizani.