Majaaliwa na Uamuzi wa Binadamu katika Mighani ya Fumo Liyongo

Shabaha ya somo
Ukimaliza sehemu hii uweze: kueleza dhana ya majaaliwa katika fasihi simulizi, kutofautisha jambo lililoandikiwa shujaa na jambo lililotokana na uamuzi wa wahusika, na kujibu swali la insha kwa hoja zenye ushahidi.

Maana ya istilahi
*Majaaliwa* ni mambo ambayo mtu huaminiwa kuwa amepangiwa kabla hajayatenda. Maneno mengine yenye maana ya karibu ni *jaala*, *kudura* na *kadari*. *Mighani* ni hadithi za mashujaa wa jamii fulani. Shujaa wa mighani huwa na nguvu zisizo za kawaida, lakini pia huwa na siri ya udhaifu wake. Aghalabu siri hiyo ndiyo mlango wa mauti yake.

Muhtasari wa kisa
Liyongo alikuwa jabari na malenga wa pwani ya kaskazini ya Kenya, eneo la Pate na Ozi. Mfalme wa Pate alimwonea wivu, akamfunga gerezani na kuamuru auawe. Mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada. Walinzi walikula vyakula vizuri, wakamwachia mkate wa wishwa. Ndani ya mkate huo mlifichwa tupa. Usiku ngoma zilipokuwa zikilia, Liyongo alikata minyororo, akatoroka.

Baadaye mfalme alimhadaa mwana wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na ndoa. Mwana alimuuliza baba yake siri ya kifo chake, akaambiwa ni kudungwa sindano ya shaba kitovuni. Alimdunga akiwa usingizini. Liyongo aliinuka, akachukua upinde, akapiga goti karibu na kisima, akafia hapo. Watu walidhani yu hai, wakaogopa kuteka maji. Mama alikwenda kumbembeleza kwa nyimbo, hadi maiti ilipoanguka.

Kisa hiki kimehifadhiwa pia katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913.

Uchambuzi: je, ni majaaliwa?

(a) *Yaliyo nje ya uwezo wa shujaa.* Liyongo hakuchagua udhaifu wake. Sindano ya shaba ndiyo mpaka wa nguvu zake. Hapa methali "Jitihada haiondoi kudura" inafaa.

(b) *Yaliyotokana na uamuzi.* Sindano haitembei yenyewe. Ilihitaji wivu wa mfalme, tamaa ya mwana na imani ya baba kwa mwanawe. Kila mmoja angeweza kutenda vingine. "Kikulacho ki nguoni mwako."

(c) *Gereza ni jibu la kwanza.* Liyongo alipohukumiwa kifo hakusema, "Imeandikwa." Aliagiza tupa. Kwa hiyo mighani haimfundishi msikilizaji kukunja mikono.

(d) *Safari ya hisia.* Mfuate mama. Mara ya kwanza anatuma mkate uliojaa matumaini, na mwana anaokoka. Mara ya pili anakwenda mwenyewe kisimani na nyimbo, lakini anayembembeleza hasikii tena. Mapenzi ni yaleyale, matokeo ni tofauti. Hapo ndipo jamii inapokiri kwamba kuna mambo ambayo akili na mapenzi haviwezi kuyazuia, na inatupa nafasi ya kuomboleza.

Ulinganisho mfupi
Katika tamthilia ya Sophocles iliyotafsiriwa na Samuel Mushi kwa jina *Mfalme Edipode*, shujaa ametabiriwa kumuua baba yake na kumwoa mama yake. Anapojaribu kuukwepa utabiri ndipo anapoutimiza. Liyongo hana utabiri wa namna hiyo. Ana siri tu, na siri hiyo anaitoa kwa kinywa chake. Majaaliwa ya Edipode yana nguvu zaidi. Ya Liyongo yanamwachia binadamu lawama kubwa zaidi.

Mfano wa hoja iliyokamilika
*Kifo cha Liyongo kimesababishwa zaidi na usaliti kuliko majaaliwa. Ingawa alikuwa na udhaifu wa kuzaliwa nao, udhaifu huo haukumdhuru hadi mwanawe alipokubali hadaa ya mfalme. Hii inaonyesha kuwa tamaa huvunja hata uhusiano wa damu.*

Tazama mpangilio: dai, ushahidi kutoka kisa, kisha funzo.

Tahadhari kwa mtahiniwa
Usiandike tu kwamba "ilikuwa bahati mbaya." Huo si uchambuzi. Taja nani aliamua nini, wakati gani, na matokeo yake. Usisimulie kisa chote. Chagua tukio linalothibitisha hoja yako.

Zoezi
1. Eleza sifa tatu za mighani ukirejelea kisa cha Liyongo. (alama 6)
2. "Mama wa Liyongo ndiye shujaa halisi wa kisa hiki." Jadili. (alama 10)
3. Je, unadhani matokeo ya mtu maishani hutokana na majaaliwa au bidii? Toa hoja mbili ukitumia tukio la gerezani na la kisimani. (alama 4)