SOMO: MCHUNGAJI ALIYEKATAA KUKOMBOLEWA

Fungu la kusoma: Yohana 10:11–15



Sisi tuliofundisha jiografia tumechora mara nyingi ubaoni ule mstari wa nyuzi sifuri upitao Greenwich, kando ya mto Thames, mjini London. Ikiwa saa sita mchana kwa saa za Greenwich, kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa alasiri. Hayo tuliyafundisha. Habari ya damu iliyomwagika mahali hapo hatukuifundisha, nayo ndiyo somo letu la leo.

Kwanza tuutazame mtaa wenyewe. Juu ya kilima iko nyumba ya kuchunguza nyota, iliyoanzishwa mwaka 1675 ili mabaharia wapate kujua mahali walipo baharini. Tangu mwaka 1833 tufe kubwa liliangushwa juu ya paa lake saa saba mchana, na manahodha waliokuwa mtoni wakarekebisha saa zao. Mwaka 1884 mataifa yalikubaliana kwamba mstari wa sifuri upite hapo. Chini, ukingoni mwa mto, yako majengo aliyoyachora Christopher Wren kwa ajili ya mabaharia wazee na vilema, kwa hati ya mwaka 1694. Karibu yake imewekwa merikebu Cutty Sark, ya mwaka 1869, iliyochukua majani ya chai kutoka China.

Hatua chache kutoka mtoni lipo kanisa la Mtakatifu Alfege. Paa la kanisa la zamani lilianguka kwa dhoruba mwaka 1710. Waumini hawakukaa kulia tu; walipeleka ombi Bungeni, na kanisa jipya likawekwa wakfu mwaka 1718. Mwaka 1941 mabomu yaliliunguza, nalo likatengenezwa tena.

Alfege huyo ni nani? Alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwaka 1011 jeshi la watu wa Denmark liliuteka mji wake, wakamchukua mateka hata Greenwich, zilipotia nanga merikebu zao. Wakadai fidia. Alfege alijua fedha hiyo ingekamuliwa kwa maskini waliokwisha kunyang'anywa, akakataza mtu yeyote asiitoe. Tarehe 19 Aprili 1012, katika juma la Pasaka, watekaji wakiwa wamelewa walimpiga kwa mifupa ya ng'ombe, na mmoja akammaliza kwa shoka.

Wageni wengi huenda Greenwich kusimama juu ya ule mstari, mguu mmoja huku na mwingine kule. Si vibaya. Lakini hapo pana kipimo kingine kuliko cha saa: mchungaji huishi kwa ajili ya kundi, au kundi kwa ajili ya mchungaji? Sisi wazee wa kanisa, tunapopanga michango, hatuna budi kumkumbuka mjane atakayeuza kuku wake ili jina lake lisisomwe kati ya wadaiwa. Tusimtwike mzigo ambao sisi wenyewe hatuugusi.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini Alfege alikataa fidia, ingawa uhai wake ulikuwa na thamani?
2. Waumini wa mwaka 1710 watufundisha nini juu ya jengo letu?
3. Ni mzigo gani katika mtaa wetu wawalemea maskini, nasi twaweza kuupunguza?