Usukani Ukikatika Majini: Shusha Nanga Kwanza



Somo: Mdo 27:13-44

Kijana mwenzangu, likizo ikifika wengi wetu wa Mbeya na Iringa tunateremka kwenda kuvua: wengine Matema kule Kyela, kwenye Ziwa Nyasa, wengine bwawa la Mtera. Ni furaha halali kabisa. Hata Petro alikuwa mvuvi. Ila tujiulize: mko katikati ya maji, injini inanguruma, halafu boti haitii tena usukani. Mnafanya nini?

1. Boti isiyotii

Boti nyingi za injini zina waya unaotoka kwenye usukani hadi kwenye injini nyuma. Waya ukikatika, injini inaendelea kusukuma, lakini hakuna anayeamua boti iende wapi. Hatari kubwa hapo si kusimama, ni kwenda kasi bila mwelekeo. Kwa hiyo nahodha anapunguza mwendo kwanza, kisha anazima. Abiria wanakaa chini, bila kurundikana upande mmoja. Jaketi la kuokolea maisha? Hilo linavaliwa tangu ufukweni.

Kina kikiwa kifupi, nanga inashushwa. Lakini Ziwa Nyasa lina kina kinachofika mita 700 hivi, na chini ya Milima ya Livingstone maji huwa marefu karibu kabisa na ufukwe. Nanga inaweza isiguse kitu. Basi ndoo inafungwa kamba mbele ya boti na kutupwa majini: inapunguza kasi ya kupeperushwa na kuifanya boti itazame mawimbi. Baada ya hapo kasia moja linashikwa nyuma liwe usukani, wengine wanapiga makasia, na mwenye mtandao anapiga 112. Usiruke ukaogelee. Ufukwe huonekana karibu kuliko ulivyo, na Mtera kuna mamba na viboko.

2. Paulo na nanga nne

Merikebu ya Paulo ilikuwa na watu 276. Usiku wa kumi na nne wa dhoruba, mabaharia walipima kina wakaona kinapungua. Wakaogopa miamba, wakashusha nanga nne nyuma ya chombo, wakaomba kupambazuke.

Sasa angalia hapa. Malaika alikuwa ameshamwambia Paulo kwamba hakuna atakayekufa. Lakini mabaharia walipotaka kutoroka na mtumbwi, Paulo aliwaonya askari: hawa wakiondoka, ninyi hamtapona. Yaani ahadi ya Mungu haikuifuta kazi ya baharia. Paulo aliamini, akahimiza watu wale chakula, akataka wenye ujuzi wabaki kazini. Kulipokucha ndipo wakazikata nanga na kulegeza kamba za usukani. Chombo kilivunjika, watu wote wakafika nchi kavu Malta.

3. Na wewe je?

Kuna siku usukani wa maisha unakatika. Matokeo ya mtihani yamekuja vibaya, uchumba umevunjika, ajira hakuna, sala imekuwa kavu. Wengi hapo ndipo tunaongeza mwendo: kuacha chuo usiku huohuo, kuingia uhusiano mwingine kesho yake, kukopa ili kubeti. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho namba 318, anafundisha kwamba wakati wa giza la roho tusibadilishe uamuzi tuliouweka tukiwa na utulivu. Hiyo ndiyo nanga.

Kutulia si uvivu. Katekisimu namba 1806 inaeleza kwamba busara huziongoza fadhila nyingine. Busara hujua lini kuzima injini, na kunapokucha hujua lini kukata nanga. Anayesali bila kushika kasia anamjaribu Mungu. Anayeshika kasia bila kusali anajiona yeye ndiye bwana wa ziwa.

Zoezi la wiki hii

1. Ni uamuzi gani unataka kuufanya sasa hivi kwa hasira au hofu? Uandike, uusubirishe siku saba.
2. Nani ni "baharia" wako: padre muungamishi, mzazi, mlezi wa TYCS au VIWAWA? Mtafute kabla ya Jumapili.
3. Mkipanga safari ya ziwani, hesabuni majaketi na makasia kabla ya nauli.

Tusali: Ee Bwana, usukani ukituponyoka, utupe utulivu wa kushusha nanga, mikono ya kushika kasia, na imani ya kungoja kupambazuke. Amina.