USALAMA NYUMBANI: SINDANO ISIPOTEMBEA
Namna ya kuongeza nguvu ya multimeta ili ipime rezistansi kubwa



Katika kila barabara ya kambi kuna mtu mwenye multimeta ya sindano. Jirani anamletea pasi ao resho: «Angalia kama inapiga.» Yeye anagusisha ncha moja kwenye fishi na nyingine kwenye chuma. Sindano haitembei, basi anajibu: «Ni nzima.» Mama anarudi nayo nyumbani, anapiga pasi miguu wazi juu ya simenti yenye maji. Leo tuzungumze juu ya jibu hilo.

Sindano ikinyamaza, si kusema hakuna umeme unaovuja. Ni kusema tu kwamba unaovuja ni mdogo kuliko ule multimeta inaoweza kuonyesha. Tuchukue multimeta iliyoandikwa 20.000 Ω/V. Sindano yake inaomba mikroampere 50 ili ifike mwisho. Kwenye ×1k, katika multimeta za namna hii tunayotolea mfano, pile ya volti 1,5 ndiyo inasukuma. Gawanya volti 1,5 kwa mikroampere 50, unapata omu 30.000. Hiyo ni rezistansi ya ndani, tena ndiyo namba iliyoandikwa katikati ya kipimo. Kitu cha omu 30.000 kinasimamisha sindano katikati. Kitu cha omu 600.000 kinaiinua sehemu 1 tu juu ya 21. Kupita hapo, jicho halioni kitu.

Sasa hesabu ya mwili. Prizi ina volti 220. Kinga ya waya ikiharibika hadi kubaki omu 20.000, anayegusa chuma na kukanyaga udongo anapitiwa na miliampere 10 hivi. Ni hapo misuli ya mkono inakaza na mtu anaweza kushindwa kuachilia. Kwa omu 100.000 ni miliampere 2: anashtuka, na kama alikuwa ameshika sufuria ya mafuta ya moto, mnajua yanayofuata. Kwa megaomu 1, watu wengi hawasikii kitu. Na kinga ikiisha kabisa, kunabaki mwili peke yake. Mwili uliolowa una omu 1.000 hivi, yaani miliampere 220, wakati 50 zinazopita kifuani zinaweza kuvuruga moyo na kuua.

Kwa hiyo kinga inaanza kuugua kati ya megaomu kadhaa na omu 100.000, na multimeta yetu ni kipofu karibu sehemu hiyo yote. Ni kama kikohozi cha wiki tatu ambacho mtu anasema ni cha vumbi tu.

Kuongeza nguvu mara 10 si kazi ngumu, wala hatufungui multimeta. Soma namba ya katikati ya kipimo, kwa ×1k, kisha zidisha kwa 9: hiyo ni rezistansi ya kuongeza. Volti za pile ya ndani nazo zidisha kwa 9. Kwa mfano wetu ni omu 270.000 (rangi nyekundu, zambarau, njano) na volti 13,5, yaani pile moja ya volti 9 pamoja na tatu za 1,5, zikifuatana kwa mstari. Funga vyote katika kisanduku cha mbao ao plastiki.

Angalia vizuri upande wa pile. Katika multimeta nyingi za sindano, wakati wa kupima omu, tundu jeusi ndilo linatoa upande wa kujumlisha (+) wa pile ya ndani. Watu wengi hawaamini mpaka wapime. Basi upande wa kutoa (−) wa pile zako uende kwenye tundu jeusi. Upande wa (+) uende kwenye rezistansi ya 270.000, na kutoka hapo kwenye ncha ya kupimia. Ncha nyekundu ibaki mahali pake. Gusanisha ncha mbili, rudisha sindano kwenye 0 kwa kifungo chake, na kila unachosoma zidisha kwa 10. Sindano ikirudi nyuma, umegeuza pile. Usigusanishe ncha kabla rezistansi haijafungwa: sindano itapigwa na nguvu mara 10, inaweza kupinda. Na kama multimeta yako ina ×10k tayari, iache ilivyo.

Kosa kubwa la kipimo hiki ni vidole. Ukishika ncha zote mbili kwa mikono, sindano inakupima wewe. Jaribu kwa kusudi: kwa chombo hiki umeme ni mikroampere 50 tu, hautakuumiza. Shika ncha kwa vidole vikavu, soma. Kisha lowesha vidole, shika tena. Waiteni watoto waone sindano inavyoruka. Watafahamu juu ya mikono yenye maji kuliko kwa maneno yetu ya kila mwaka.

Kabla ya kupima pasi, ondoa fishi katika prizi. Geuza kifungo cha moto kiwe wazi kupitisha umeme, kisha pima kutoka kila mguu wa fishi unaobeba umeme hadi chuma kilichokwanguliwa kutu na rangi. Usipime televisheni: ndani yake kuna vyombo vinavyolinda umeme hata baada ya kuzimwa. Resho iliyokaa bila kazi miezi ya mvua mara nyingi inaonyesha namba ndogo, kwa sababu unga mweupe ndani ya bomba lake la moto unakunywa maji ya hewa. Ianike mahali penye joto siku kadhaa, upime tena. Namba isipopanda, resho imekwisha.

Chini ya megaomu 1, chombo ni kigonjwa, usikirudishe kwa mwenyewe. Lakini sindano isipotembea hata sasa, sema «sikuona kitu», usiseme «ni nzima». Chombo chetu kinasukuma kwa volti 15, na umeme wa prizi unapanda hadi kilele cha volti 311, mara 100 kila sekunde. Palipoungua ama penye vumbi panaweza kunyamaza kwa 15 na kupitisha kwa 311. Ndiyo maana mafundi wa umeme wanatumia megometa ya volti 500. Waya wa udongo na dizonkteri ya miliampere 30 vibaki kazini.

Neno moja kwa wanaofanya kazi chini: chombo hiki kisivuke mlango wa mgodi. Multimeta ya kawaida, iliyobadilishwa ao isiyobadilishwa, haigusi detonateri hata siku moja, kwani pile yake inaweza kuilipua. Kuna omumeta ya pekee kwa kazi hiyo, na watu wenye ruhusa ya kuishika.

Ukimaliza kupima, toa pile katika kisanduku. Zikizeeka zinatoa maji yanayokula shaba, na yanaunguza vidole vya mtoto anayezichezea.