Kuvu Inayoua Wadudu: Soma Kabla ya Kununua

Ukikuta panzi amekufa huku ameng'ang'ania jani, mwili umejaa unga wa kijani, huenda hakuuawa na sumu bali na kuvu iitwayo Metarhizium. Mbegu zake hunata kwenye ngozi ya mdudu, huota, hutoboa, kisha kuvu humwaga kemikali ndani ya mwili wake. Mojawapo ni destruksini, ambayo hulegeza misuli na kudhoofisha kinga yake.

Tanzania imeshaitumia. Mwaka 2009 nzige wekundu walidhibitiwa kwa kuvu hii Iku-Katavi, Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, kwa msaada wa FAO.

Mkulima wa Ilemela anayeleta matenga ya nyanya soko la Kirumba na kusumbuliwa na kantangaze, mdudu anayetoboa nyanya, anaweza kushawishika kununua dawa ya aina hii. Sawa, ila ajue ananunua kiumbe hai. Jua kali huiua, basi pulizia jioni. Bomba lililobeba dawa ya ukungu lioshwe vizuri kwanza, la sivyo utaiua kabla haijagusa jani. Pakiti iliyokaa kwenye duka lenye joto la bati iache hapohapo. Vaa barakoa. Na usirudi dukani kesho yake kugomba: mdudu huchukua siku kadhaa kufa, ingawa huanza kupunguza kula mapema.

Hospitalini nako kuvu zinazoua wadudu zimefika. Saiklosporini, dawa inayozuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa, ilitokana na Tolypocladium inflatum, kuvu inayoshambulia pia mabuu ya mbawakavu. Kampuni ya Sandoz ya Uswisi iliipata kuvu hiyo kwenye udongo wa Norway. Anayemeza dawa hiyo asiiache bila idhini ya daktari, wala asile balungi, kwani huzidisha kiwango cha dawa kwenye damu.

Hilo halimfanyi mdudu mwenye kuvu kuwa dawa ya nyumbani. Senene waliofia kwenye kiroba wakaota ukungu, tupa. Vivyo hivyo kwenye mwalo wa samaki: dagaa wakiingiwa na wadudu, usiwapulizie kiuatilifu cha shambani, hata kiwe cha kuvu. Dawa ya dagaa ni kuwakausha vizuri juu ya kichanja na kuwahifadhi pakavu.

Kabla ya kulipa, tafuta kwenye lebo namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya viuatilifu nchini. Usipoiona, usinunue.